Kumteua Mhariri ni Kuteua Sera: Mifano kutoka Majarida ya Saikolojia

Mwaka 1962 Arthur Melton aliandika tahariri ya kuaga. Alikuwa amehariri Journal of Experimental Psychology kwa miaka 12, na sasa akaona aeleze bayana jinsi alivyokuwa akichuja miswada. Matokeo yaliyofikia kiwango cha 0.05 cha majaribio ya kitakwimu alisita kuyapokea, alitaka 0.01. Kigezo hicho hakikuhitaji kupigiwa kura na wanataaluma. Kilitosha kuwa cha mhariri, kwa sababu mtafiti aliyetaka kuchapishwa katika jarida kubwa kama lile alijua afanye nini na utafiti ambao haukuonyesha tofauti yoyote: aufungie kabatini. Mwaka 1979, Robert Rosenthal alipoandika juu ya tafiti zinazobaki kwenye madroo ya watafiti bila kusomwa na mtu, alikuwa akieleza desturi ambayo wahariri walikuwa wameilea kwa muda mrefu.

Naanza na Melton kwa sababu kamati nyingi zinazotafuta mhariri mpya hufanya kazi kana kwamba zinatoa tuzo. Zinamsaka mwanazuoni mkubwa, zinamkabidhi kiti, kisha zinasubiri kuona atakachofanya nacho. Hoja yangu ni kwamba kinachoteuliwa hasa ni sera ya jarida kwa miaka kadhaa ijayo, na sera hiyo inafaa ijulikane na kujadiliwa kabla mtu hajapewa ufunguo.

Tuangalie utaratibu wenyewe. Katika majarida ya Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani (APA), kipindi cha mhariri kwa kawaida ni miaka sita. Mhariri mteule huanza kupokea miswada mwaka mmoja hivi kabla jina lake halijatokea kwenye jarida, ili mtangulizi wake amalizie ile iliyokwisha kukubaliwa. Kwa miaka mingi, matangazo ya kutafuta wahariri hao yalimtaka anayependekeza jina alete maelezo yasiyozidi ukurasa mmoja. Ukurasa mmoja unatosha nini? Unatosha vyeo, tuzo, idadi ya machapisho na mara ambazo mtu amenukuliwa. Namna atakavyomjibu mtu anayedai kwamba makala fulani ya jarida ina kasoro, au miswada ya aina gani atairudisha bila kuipeleka kwa wahakiki, ni mambo yasiyoenea hapo.

Nani basi anayeweza kusema kwamba umaarufu ni dhamana? Hans Eysenck alikuwa miongoni mwa wanasaikolojia walionukuliwa mno katika karne iliyopita, na ndiye aliyeanzisha Personality and Individual Differences mwaka 1980. Mwaka 2019 uchunguzi wa King's College London ulitangaza kwamba makala 26 alizoandika pamoja na Ronald Grossarth-Maticek, kuhusu hulka ya mtu na magonjwa kama saratani, hazistahili kuaminiwa. Baadhi yake zilikuwa zimetoka katika majarida aliyoyaanzisha yeye mwenyewe. Robert Sternberg, aliyewahi kuwa rais wa APA, alijiuzulu uhariri wa Perspectives on Psychological Science mwaka 2018 baada ya kulaumiwa kwamba alijinukuu kupita kiasi katika jarida alilolihariri. Mwaka 2022 Klaus Fiedler naye aliondoka katika kiti kilekile, kufuatia mgogoro kuhusu jinsi alivyoshughulikia makala juu ya ubaguzi wa rangi na majibu ya watafiti wengine kwa makala hiyo. Wapo wanaomtetea hadi leo. Sitaki kuwaweka watu hawa katika kapu moja, maana visa vyao havilingani. Lakini jarida moja linapopoteza wahariri wawili kwa namna hiyo ndani ya miaka mitano, si haki kulaumu tabia za watu peke yake. Mipaka ya mamlaka yao haikuwa imewekwa barabara tangu siku ya uteuzi.

Kuna hasara nyingine, nayo inatugusa zaidi sisi wa Afrika Mashariki. Mwaka 1982 Douglas Peters na Stephen Ceci walichapisha jaribio ambalo lingepaswa kusomwa na kila kamati ya uteuzi. Walichukua makala 12 zilizokwisha kuchapishwa, zilizoandikwa na watafiti wa idara zenye sifa nchini Marekani, wakabadilisha majina ya waandishi na kuwapa taasisi za kubuni, mojawapo ikiitwa Tri-Valley Center for Human Potential. Kisha wakazirudisha kwenye majarida yaleyale ya saikolojia yaliyozitoa. Makala tatu tu zilitambuliwa. Kati ya tisa zilizobaki, nane zilikataliwa, mara nyingi kwa madai kwamba mbinu zake za utafiti zina dosari kubwa. Sampuli ilikuwa ndogo, na jaribio lilizusha ubishi mkali. Hata hivyo, mtafiti wa Dodoma au Mbarara anapotuma mswada, mbele ya mhariri wa aina hiyo jina la chuo chake halina uzito zaidi ya lile la kubuni. Jeffrey Arnett alipochambua majarida sita ya APA ya miaka ya 2003 hadi 2007, alikuta waandishi wa kwanza walio katika vyuo vya Marekani ni asilimia 73, na walio katika nchi za Magharibi kwa ujumla ni asilimia 99. Kamati inayotafuta mhariri kwa kuhesabu nukuu itampata ndani ya duara hilohilo.

Kwa upande mwingine, mhariri aliyekuja na sera iliyo wazi anaweza kubadilisha mengi kwa muda mfupi. Kuanzia mwaka 2014, chini ya Eric Eich, Psychological Science ilianza kuzipa beji makala ambazo waandishi wake waliweka data zao hadharani. Kabla ya hapo makala zilizotangaza data wazi hazikufika asilimia 3. Katika nusu ya kwanza ya 2015 zilifika asilimia 39. Simine Vazire alipokabidhiwa jarida hilo Januari 2024, misimamo yake ilikuwa inafahamika: kwa miaka mingi alikuwa akidai hadharani kwamba saikolojia ijikague. Waliomteua hawakuwa wakibahatisha, na kuundwa kwa kikosi cha kukagua takwimu na uwazi wa makala hakukumshangaza mtu.

Mpinzani atasema kwamba mwenye msimamo mkali naye ni hatari. Ni kweli. Mwaka 2015 David Trafimow, akiwa mhariri wa Basic and Applied Social Psychology, alipiga marufuku thamani za p, zile zinazolinganishwa na viwango kama 0.05, pamoja na majaribio yanayozitegemea. Uchambuzi wa Ronald Fricker na wenzake uliotoka mwaka 2019 ulionyesha kwamba baada ya marufuku hiyo waandishi kadhaa walidai makubwa kuliko data zao zilivyoruhusu. Kisa hicho, kwangu, kinaipa hoja nguvu. Uamuzi wa uzito huo ungefaa upambanishwe na wanatakwimu kabla ya uteuzi, wakati bado unaweza kurekebishwa bila mtu kuaibika.

Napendekeza basi kwamba waliofika kwenye orodha fupi wachapishe mpango wao, wanachama wausome na kuukosoa. Kwenye usaili wapewe kisa kimoja kigumu: mwanafunzi wa uzamivu ameandika barua akionyesha hesabu zisizolingana katika makala maarufu ya jarida, na mwandishi wake ni rafiki wa mgombea. Mgombea aseme atamwandikia nani kwanza, atampa mwandishi muda gani wa kujibu, atamkabidhi nani suala hilo ikiwa yeye mwenyewe ana maslahi, na masahihisho yatachapishwa wapi. Mkataba nao useme kwamba mswada wa mhariri mwenyewe, au wa mtu aliyeandika naye karibuni, utaamuliwa na mwingine. Hayo yanawezekana hata kwenye majarida madogo ya vyuo vyetu, ambako mara nyingi kiti cha uhariri huambatana na ukuu wa idara bila usaili wowote, na ambako kisa cha barua ya mwanafunzi wa uzamivu kinaweza kuulizwa kesho asubuhi bila kuomba bajeti.