Gundi Ndiyo Iliyousimamisha Mlingoti Mwepesi

Mlingoti wa mbao wenye uwazi ndani husifiwa kuwa kazi ya randa na patasi. Sifa hiyo ni ya haki, lakini inamsahau mwenye mchango mkubwa zaidi, nao ni mtengenezaji wa gundi. Siri ya uwazi haikuwa ngeni: Galileo alieleza mwaka 1638 kwa nini mifupa ya ndege na matete huwa imara ilhali ni mitupu. Mti unapopinda, kazi kubwa hufanywa na nyuzi za nje. Ukiutoboa mlingoti wa mviringo tundu lenye nusu ya kipenyo chake, unaondoa robo ya uzito, na ukakamavu unapungua kwa sehemu moja tu kati ya 16. Jahazi la mwambao wetu halikuhitaji hesabu hiyo, kwa kuwa mlingoti wake ni mfupi na mnene, tanga hubebwa na foramali, na shehena hulituliza. Mashua ndogo ya tanga refu la pembetatu haina shehena; kila kilo iliyo juu huilaza upepo unapokaza.

Kwa nini basi maarifa hayo yalikaa karne nyingi kabla ya kuwafikia wenye mashua ndogo? Kwa sababu mlingoti wa namna hii huundwa kwa vipande, na gundi za ngozi na mifupa hulainika zikilowa. Mtu atapinga kwa kuitaja Maria, mashua ya ndugu akina Stevens huko Marekani katika miaka ya 1840, ambayo mti wa chini ya tanga lake kuu uliundwa kwa mbao nyembamba zilizofungwa kwa pete za chuma kama pipa. Pingamizi hilo lina uzito, ila linathibitisha hoja yenyewe: pasipo gundi ya kuaminika, chuma kilirudisha sehemu ya uzito ulioondolewa, na gharama ilibaki ya matajiri.

Mabadiliko yalitoka angani. Ndege za Vita Kuu ya Kwanza ziliundwa kwa mbao zilizogandishwa kwa gundi ya protini ya maziwa, iliyostahimili unyevu kuliko zile za kale, ingawa ukungu uliweza kuila. Udhaifu huo ulionekana wazi kwenye ndege za Mosquito zilizopelekwa Asia yenye joto na unyevu katika vita vya pili. Wakati huo gundi za viwandani zilikuwa zimeshaanza kushika nafasi: Norman de Bruyne wa Uingereza alitoa Aerolite mwaka 1937, kisha zikaja za resorsinoli, zisizoshindwa hata na maji ya kuchemka.

Wengine watasema alumini ilimaliza habari hii, maana mashua ya Enterprise ilishinda Kombe la Amerika mwaka 1930 ikiwa na mlingoti wa aloi ya alumini. Ni kweli kwamba soko la viwanda lilikwenda huko. Lakini fundi wa nyumbani hawezi kufua bomba la alumini. Anaweza kupasua fito nane, kuchonga mfuo wa nyuzi 90 ukingoni mwa kila moja, na kuzipachika zikiumana. Anayetaka kuuunda leo atenge fedha za gundi isiyoogopa maji kwanza, mbao zifuate, na aache mti mzima kitakoni na panapofungwa kamba, kwa kuwa hapo uwazi hauvumilii kubanwa.