Mizani ya Chuo na Haki ya Mwanafunzi

Kila matokeo ya kidato cha sita yatangazwapo, wazazi na wanafunzi hutujia sisi walimu na swali lile lile: je, alama hizi zatosha kuingia Chuo Kikuu? Nasi mara nyingi hujibu kana kwamba alama ni kilo ya sukari, isiyobadilika duka hadi duka. Historia ya Makerere yatufundisha vingine. Alama haijipimi yenyewe; hupimwa kwa mizani, na kila mizani ina aliyeiunda.

Makerere ilianza mwaka 1922 ikiwa shule ya ufundi yenye wavulana 14. Wanawake wa kwanza, sita kwa idadi, waliingia mwaka 1945. Mwaka 1949 ikawa chuo kilichofungamana na Chuo Kikuu cha London, na tangu 1963 hadi 1970 ilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Nairobi na Dar es Salaam. Nafasi zilikuwa chache mno kuliko waliozitamani, na mtihani ukawa ndio lango.

Lango hilo likatiwa hesabu. Kwa miaka mingi kila herufi ilipewa thamani: A pointi 6, B 5, C 4, D 3 na E 2. Kisha kila somo lilizidishwa kwa uzito wake katika kozi iliyoombwa: masomo mawili ya lazima mara 3, somo la tatu lililohusiana nayo mara 2, na masomo madogo mara 1. Basi B ya Kiswahili ilileta pointi 15 pale Kiswahili kilipohesabiwa kuwa somo la lazima, na 10 tu kilipowekwa nafasi ya tatu. Mwanafunzi ni yule yule na jasho lake ni lile lile; kilichobadilika ni jiwe la mizani.

Jirani zetu Watanzania walithubutu kuuliza swali kubwa zaidi. Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilipitisha Azimio la Musoma: aliyemaliza kidato cha sita afanye kazi kwanza, na mwajiri pamoja na chama washuhudie mwenendo wake, ndipo aingie Chuo Kikuu. Nia ilikuwa njema, yaani mtu apimwe kwa utumishi wake pia. Lakini idadi ya wasichana ilipungua, kwani miaka ya kungoja iliwakuta na ndoa na malezi, ikabidi wasamehewe sharti hilo.

Makerere nayo iliwatazama wasichana. Mwaka 1990 kila msichana mwombaji aliongezewa pointi 1.5, wakati wanawake walikuwa zaidi kidogo tu ya robo ya wanafunzi. Tena mwaka 2005, kati ya nafasi 4,000 zilizolipiwa na serikali ya Uganda katika vyuo vyake, robo ilitengewa wilaya, wenye ulemavu na wanamichezo. Hapo mtoto wa wilaya ya mbali alipimwa na wenziwe wa kwao, si na shule kubwa za Kampala. Wazo hili si geni: jimbo la Texas, Marekani, lilipitisha mwaka 1997 sheria ya kuwahakikishia nafasi katika vyuo vya umma wale walioshika sehemu ya kumi ya juu katika darasa lao, shule yoyote iwayo. Hata hivyo, kwetu lilisikika lalamiko kwamba mwenye asili ya wilaya fulani, lakini aliyesomea mjini, aliweza kuichukua nafasi ya aliyebaki kijijini.

Je, sisi walimu tuna fungu gani? Hatuundi mizani, lakini tunaweza kuifunua. Wanafunzi wengi huikosa kozi waipendayo siku ile wanapochagua masomo ya kidato cha tano, miaka miwili kabla ya mtihani, kwa kuwa hakuna aliyewaambia uzito wa kila somo. Yatupasa tuwaambie mapema. Na yule aliyekosa nafasi kwa nusu pointi, tusimwite mjinga. Tumweleze alipimwa kwa jiwe gani.