Karema, Mji wa Ufukoni
Kwetu sisi tukaao Malangali, katika nyanda za juu za Ufipa, bahari ni ziwa Tanganyika. Na miongoni mwa miji yake mikongwe ni Karema, upande wa kaskazini. Mwaka 1879 Wabelgiji wa chama cha mfalme Leopold II walijenga boma pale. Hata mwaka 1885 likakabidhiwa Mapadre Weupe. Katika miaka ile maji yalipungua, yakitokea mto Lukuga, ufuko ukaenda mbali na boma. Mwaka 1889 alifika Adrien Atiman, aliyetekwa utumwani utotoni, akakombolewa, akasomea uganga huko Malta. Akawatibu watu wa Karema hata kufa kwake, mwaka 1956. Basi tuwaonyeshapo watoto boma lile, tuwatajie na jina lake.