Viatu vya Mtoto, Sehemu ya 3: Eksirei Dukani

Kabla hatujaingia kwenye saizi, leo nawasimulia jambo la zamani kidogo. Nalileta kwa sababu ya swali ambalo naulizwa karibu kila wiki: "Nesi, mtoto ana mwaka na miezi miwili, ndiyo kaanza kutembea. Dukani wameniambia ninunue kiatu kigumu kirefu kinachoshika kifundo, la sivyo miguu itapinda. Ni kweli?" Muuzaji kasema, mama kaogopa. Hofu hiyo haijaanza leo, na sehemu moja ya historia yake mtadhani natania.

Kuanzia miaka ya 1920 hadi ya 1950, mama wa Marekani, Kanada au Uingereza aliyempeleka mwanawe kununua viatu aliweza kukuta dukani kabati la mbao lenye kijukwaa. Mtoto anapanda, anaingiza miguu iliyovaa viatu vipya kwenye uwazi wa chini, muuzaji anawasha swichi. Juu ya kabati kuna matundu matatu ya kuchungulia: la mtoto, la mama na la muuzaji. Ukiinama unaona mifupa ya mwanao inang'aa kijani, vidole vinachezacheza ndani ya kiatu. Ni eksirei hiyo, jamani. Eksirei ya kweli, katikati ya duka, na anayeiendesha ni mtu aliyeajiriwa kuuza viatu.

Mmoja wa waliobuni mashine hiyo ni daktari wa Boston, Jacob Lowe. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza aliitumia kuangalia miguu ya wanajeshi bila kuwavua buti. Mwaka 1919 akaombea haki ya uvumbuzi kwa matumizi ya madukani, akaipata 1927. Uingereza nako kampuni ya mjini St Albans ikatengeneza ya kwake, ikaiita Pedoscope. Na msiseme walikuwa hawajui hatari. Clarence Dally, aliyekuwa msaidizi wa Thomas Edison, alikufa mwaka 1904 kwa madhara ya eksirei, baada ya kukatwa mikono.

Sasa hebu fikiria mashine yenyewe ilivyokaa. Bomba la eksirei lilikuwa chini ya nyayo, linapiga kuelekea juu. Juu ya miguu ya mtoto kuna nini? Nyonga, sehemu za siri, tumbo. Kati ya bomba na mtoto palikuwa na bati jembamba tu la alumini. Na mtoto hajaribu jozi moja, si unajua. Anajaribu tatu, nne, kila jozi na miale yake. Muuzaji naye kasimama hapo kutwa. Sisi hospitalini mtu wa eksirei hujikinga nyuma ya ukuta kwa picha moja tu.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba mama hakupata faida yoyote. Mguu wa mtoto mdogo bado una gegedu nyingi, ule mfupa mlaini, na gegedu haionekani kwenye eksirei. Kuna mfupa mmoja katikati ya mguu, navikula, ambao kwa watoto wengi hauonekani mpaka wakaribie miaka 3. Kwa hiyo mama alichungulia akaona vijiwe vilivyotawanyika, na kiatu kinapombana mtoto ubavuni, kwenye nyama, hakuona vizuri. Kidole gumba chake mwenyewe kingemwambia zaidi, tena bure.

Kwa nini basi alikubali? Kwa sababu aliambiwa mama makini hanunui kiatu kwa kukisia, ananunua kwa sayansi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Marekani peke yake ilikadiriwa kuwa na mashine kama 10,000. Pennsylvania ilipiga marufuku mwaka 1957, majimbo mengine yakafuata.

Mashine zikaondoka, maneno yakabaki. Kile kiatu kigumu cha "kunyoosha miguu" ni biashara ileile. Madaktari wa Texas waliwafuatilia kwa miaka 3 watoto wa mwaka 1 hadi 6 wenye nyayo bapa za kawaida, matokeo yakatoka 1989: waliovaa viatu vya kurekebisha na wasiovaa, nyayo zao zilipona sawasawa. India nako, mwaka 1992, kati ya watoto 2,300, nyayo bapa zilikuwa asilimia 8.6 kwa waliozoea viatu na 2.8 kwa waliotembea peku. Kwa hiyo ndani ya nyumba mwache peku. Nje avae, maana kuna vioo, misumari na minyoo ya safura. (Mguu mmoja ukiwa tofauti na mwenzake, au anachechemea, au analia ukiugusa, hilo si la duka. Mlete kliniki.)

Na namba zile za kwenye soli zisikutishe. Za Uingereza hupanda kwa theluthi ya inchi, za Ulaya bara kwa theluthi mbili za sentimita, ndiyo maana kiatu cha mtumba chenye 5 na chenye 22 vinaweza kuwa vinalingana. Msimamishe mtoto kwenye karatasi jioni, chora miguu yote miwili, chukua ule mrefu, ongeza sentimita 1 hivi mbele ya kidole kirefu, kata, nenda nayo sokoni. Karatasi iingie ndani ya kiatu bila kukunjika pembeni. Rudia kila miezi 2 au 3, maana mguu wa umri huu ni mnene na mlaini, unaingia hata kwenye kiatu kidogo na mtoto hasemi kitu.

Kama ni mtumba, ingiza mkono mpaka mbele. Ukikuta vidole vya mtoto wa kwanza vimeshachimba mashimo yao, kirudishe utafute kingine.

Sehemu ya 4 ni safura na funza.