Nayeche Darasani: Ujio wa Waturkana na Masomo ya Watoto wa Lodwar na Kakuma

Kwa miaka mingi mtoto wa Kenya amefundishwa uhamaji wa Waturkana kwa mshale mmoja uliochorwa kwenye ramani. Mshale huanzia upande wa Sudan, hupita Karamoja, huishia magharibi ya Ziwa Turkana, na pembeni yake huwekwa orodha ya Waniloti wa Nyanda: Wamaasai, Wateso, Waturkana, Wasamburu. Mtoto wa Lodwar hukariri orodha hiyo kama anavyoikariri mtoto wa Nyeri, hujibu swali la mtihani, na mambo huishia hapo. Nyumbani, akiwa na bahati ya kukaa karibu na bibi yake, husikia habari nyingine kabisa: mwanamke wa Kijie aitwaye Nayeche, fahali wa kijivu aitwaye Engiro, na nyayo zilizofuatwa kuteremka bonde la mto Tarach hadi kwenye nchi yenye matunda tele. Makala haya yanashikilia kwamba masomo haya mawili yanapaswa kukutanishwa darasani, tena mapema, na kwamba yakishakutanishwa mwalimu asiogope kuuliza jambo ambalo ramani huliacha na bibi mara nyingi hulipita haraka: Waturkana walipofika, walimkuta nani?

Tuanze na uzito wa kisa chenyewe. Kwa jumla wasimulizi huafikiana kwamba Nayeche alitoka Najie, nchi ya Wajie katika Karamoja ya leo nchini Uganda, wakati wa ukame. Akafuata nyayo za Engiro kuelekea mashariki, akashuka kutoka uwanda wa juu hadi nyanda za Tarach, akakaa akichuma matunda ya mwitu. Vijana waliokuja kumtafuta fahali walimkuta huko, wakaona malisho, wakarudi kuwaita wenzao na mifugo. Kilima cha Moru a Nayeche kinabeba jina lake mpaka sasa. Mtu anaweza kusema hii ni ngano tu. Lakini Wajie wa Kotido, ambao wako nchi nyingine na hawana faida yoyote ya kuwapamba Waturkana, nao wanasimulia kwamba mwanamke wao alikwenda mashariki akaanzisha taifa ndugu. Lugha inaunga mkono: Mturkana na Mjie huelewana bila mkalimani. Mwanahistoria John Lamphear, aliyekusanya masimulizi ya wazee wa pande zote mbili na kuyalinganisha kwa hesabu ya marika, aliona kwamba jamii ya mwanzo ya Waturkana ilikuwa imeshika nyanda za Tarach kufikia karne ya 18. Mustafa Kemal Mirzeler, katika kitabu chake cha 2014 kuhusu Nayeche na Engiro, alionyesha jinsi kisa hiki kinavyoendelea kusimuliwa na Wajie na Waturkana wanapohitaji kukumbushana undugu wao. Bila shaka kisa kimefinya mambo. Safari ya vizazi kadhaa imewekwa ndani ya maisha ya mtu mmoja, na watu wengi wamepewa sura ya mwanamke mmoja. Mtoto wa miaka 10 anaweza kulielewa hilo akielezwa, na akishalielewa ameanza kuwa mwanafunzi wa historia.

Tena kisa hiki kinampa mwalimu kitu adimu, yaani namna watu walivyoishi. Historia nyingi za uhamaji hueleza vita na viongozi. Hii inaanza na mchuma matunda, na matunda yenyewe bado yapo. Mtoto wa Kakuma anaijua edung, ingawa pengine hajaambiwa kwamba ni ushahidi. Punje zake ni chungu na haziliki zikitoka mtini. Huchemshwa, maji yakamwagwa, zikachemshwa tena kwa maji mapya, mara nyingi mpaka ukali uishe. Mtu hawezi kuujua utaratibu huo siku ya kwanza anapofika nchi ngeni. Ama aliuleta kutoka alikotoka, ama alifundishwa na waliomtangulia, na somo zima linaweza kujengwa juu ya swali hilo moja. Mfano mwingine uko kando ya mto Turkwel, karibu kabisa na Lodwar. Huko kuna desturi ya ekwar: kipande cha msitu wa ukingoni chenye mikoma na migunga ambacho kaya fulani ina haki nacho, hasa haki ya kukusanya maganda ya mgunga ya kulishia mbuzi wakati wa kiangazi. Wageni wengi waliidhani nchi hii kuwa haina mwenyewe kwa sababu hawakuona ua wala hati. Mtoto akionyeshwa ekwar anaelewa kwamba kukaa mahali kulikuwa na sheria zake, na kwamba maisha ya waliotangulia hayakuwa ya kutangatanga ovyo. Vivyo hivyo kwa visima vinavyochimbwa kwenye mchanga wa laga, yaani mito ya msimu, ambako watu husimama mmoja juu ya mwenzake wakipokezana maji mpaka yafike birikani kwa mifugo.

Hapa ndipo swali la waliokuwepo linapoingia, na ndipo walimu wengi wangependa kunyamaza. Nchi hii haikuwa tupu. Magharibi ya ziwa, huko Lothagam, wafugaji wa kwanza wa eneo hili walijenga makaburi makubwa ya mawe yenye nguzo yapata miaka 5,000 iliyopita, wakazika humo mamia ya watu wao. Karibu zaidi na wakati wetu, masimulizi ya Waturkana wenyewe yanawataja Wasiger, ambao jina lao limebaki kwenye milima ya Moru Assiger. Ukame mkali ambao wazee huuita Aoyate uliwavunja nguvu. Wengine walikimbia, na wengi wakaingia katika koo za Kiturkana, wakachukua lugha na alama za mifugo za waliowapokea. Baadaye, katika karne ya 19, mwaguzi mkuu Lokerio aliwaelekeza wapiganaji kwenye ngamia wa majirani wa mashariki, na wasimulizi husema aliyagawanya maji ya ziwa kwa fimbo yake ili wavuke. Kwa hiyo kupanuka kwa Waturkana kulikuwa mchanganyiko wa mambo: kuteka, kuoana, kumeza jamii nzima na kujifunza kutoka kwao. Familia nyingi zinazojiita za Kiturkana leo zina babu aliyekuwa mwenyeji kabla Engiro hajatajwa. Mtoto anayefundishwa ushindi peke yake ananyimwa sehemu ya ukoo wake mwenyewe.

Taifa jingine limekwisha kupita njia ya kuficha, nasi tunaweza kuangalia gharama yake. Nchini Marekani, vizazi vya watoto vilijifunza maisha ya walowezi waliokwenda magharibi kupitia vitabu vya Laura Ingalls Wilder. Little House on the Prairie, kilichotoka 1935, kinaeleza kwa uzuri mkubwa namna ya kujenga nyumba ya magogo na kupita kipupwe, lakini familia hiyo ilikuwa imejikita kwenye ardhi ya Waosage huko Kansas, na kitabu kiliwatazama wenyeji kama kivuli cha kutisha. Mwaka 1953 mchapishaji alilazimika kurekebisha sentensi iliyowahesabu kana kwamba si watu. Mwaka 2018 wakutubi wa watoto wa nchi hiyo waliliondoa jina la mwandishi kwenye tuzo yao. Kenya nayo ina walowezi wake. Sheria ya ardhi ya 1902 na mikataba ya Wamaasai ya 1904 na 1911 iliigeuza nchi ya watu kuwa mashamba ya wageni, na vitabu vya enzi hizo vilisifu ujasiri wa waliofika bila kuuliza waliohamishwa walikwenda wapi. Ujio wa Waturkana haulingani na huo. Haukuwa na serikali, hatimiliki wala sheria ya rangi. Lakini kama tunadai ukweli kwa historia ya mzungu wa Laikipia, ni haki tuudai pia kwa historia yetu.

Pingamizi zito zaidi linahusu ardhi. Mpaka na Wapokot kuelekea Turkwel una damu, ule wa Todonyang upande wa Ethiopia vilevile, na mtu mwenye busara anaweza kuuliza kama ni salama kumwambia mtoto kwamba babu zake walifika baada ya wengine. Hofu hiyo ina msingi, na haifai kudharauliwa. Hata hivyo, haki ya jamii juu ya ardhi nchini Kenya haijajengwa juu ya kuwa wa kwanza kufika. Imejengwa juu ya Katiba ya 2010 na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016. Isitoshe, ni historia ya kweli ambayo imewahi kusaidia amani hapa. Mwaka 1973 Waturkana na Wamatheniko wa Karamoja walifanya mapatano huko Lokiriama, na yanakumbukwa mpaka leo. Wazee waliokutana walijuana kama watu wa asili moja waliotengana, si kama mataifa mawili yaliyogawanywa na mpaka wa mkoloni. Anayejua kwamba Mkaramojong ni ndugu, na kwamba Msiger yumo ndani ya ukoo wake, ana sababu zaidi ya kuketi kuzungumza.

Kakuma inalifanya jambo hili kuwa la haraka. Tangu 1992, walipofika vijana waliotembea kutoka Sudan kupitia Ethiopia, ukingo wa Tarach umekuwa kambi ya wakimbizi kutoka Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Burundi na kwingineko, na mwaka 2016 makazi ya Kalobeyei yakafunguliwa ili wakimbizi na wenyeji watumie huduma pamoja. Shule za kambini zinafuata mtaala wa Kenya. Wapo wanaosema mtoto wa Kikongo hana haja na Nayeche. Mimi naona kinyume. Mtoto huyo anaishi kando ya mto uleule ambao Nayeche aliufuata, kwa sababu zinazofanana na zake: nchi ya nyuma haikukalika. Na mtoto wa Kiturkana aliyeketi naye dawati moja, ambaye nyumbani husikia malalamiko ya kuni na maji, anahitaji kujua kwamba taifa lake pia liliundwa na waliofika na waliopokelewa. Kwa hao wawili, somo la ujio si la kale hata kidogo.

Kinachokwamisha ni vifaa. Vitabu vya Lamphear na Mirzeler ni vya Kiingereza na vya wasomi. Mwalimu wa gredi ya 3 hawezi kuvipata wala kuvigeuza kuwa kipindi cha dakika 30. Mtaala wa Umilisi umeruhusu lugha ya eneo katika madarasa ya chini, na Katiba imeiweka elimu ya awali mikononi mwa kaunti. Serikali ya Kaunti ya Turkana haihitaji kusubiri Nairobi ili itoe kijitabu cha Kiturkana na Kiswahili chenye kisa cha Nayeche, ramani ya Tarach kutoka Kotido hadi Kakuma, majina ya Wasiger, na picha ya edung ikichemshwa. Wazee wa kukihakiki wapo Lokiriama, Kakuma na ng'ambo ya mpaka, na wengi wao wameshazeeka sana.