Mfupa na mgeni wake: karne tatu za kupandikiza

Bodaboda inapoanguka katika kata ya Nsemulwa, mjini Mpanda, mara nyingi mguu ndio unaoumia. Mifupa mingi iliyovunjika huunga ikinyooshwa na kutulizwa vizuri. Shida kubwa huja pale kipande cha mfupa kinapopotea au kuoza, daktari akalazimika kuziba pengo. Kitu atakachoweka hapo, mfupa utakipokeaje?

Swali hilo ni la zamani. Mwaka 1668 kilichapishwa kitabu cha Job van Meekeren, mpasuaji wa Uholanzi, chenye kisa cha askari wa Urusi aliyezibwa fuvu kwa mfupa wa mbwa. Kanisa lilimtenga askari huyo kwa sababu hiyo. Alipoomba kipande kile kitolewe, inasimuliwa kuwa kilikuwa kimekwisha kushikana na fuvu, hakitoki.

Mjini Glasgow, miaka ya 1879 na 1880, William Macewen alimjengea mtoto mfupa wa mkono ulioharibiwa na usaha. Alitumia vipande vilivyokatwa kwenye miguu ya watoto wengine aliokuwa akiwanyoosha matege.

Je, vipande hivyo viliendelea kuishi? Léopold Ollier wa Lyon, aliyeandika mwaka 1867, aliamini kwamba mfupa uliohamishwa pamoja na utando wake hubaki hai. Mwaka 1893 Mjerumani Arthur Barth alipinga: sehemu kubwa hufa, kisha mfupa mpya huchukua nafasi yake. Leo inajulikana kuwa kipandikizi hufanya kazi kama jukwaa la fundi mwashi. Mishipa ya damu hupenya ndani yake, seli ziitwazo osteoklasti humung'unya cha zamani, na osteoblasti hujenga kipya nyuma yao.

Mwaka 1965, Mmarekani Marshall Urist alikwenda mbali zaidi. Alitoa madini kwenye mfupa, akaupandikiza katikati ya msuli wa mnyama, na mfupa mpya ukaota mahali ambapo haujawahi kuwapo. Ndani ya mfupa mkavu, basi, mlikuwa na protini zinazoziamuru seli kujenga.

Si kila kitu huliwa. Nchini Sweden, katika miaka ya 1950, Per-Ingvar Brånemark alishindwa kung'oa vifaa vya titani alivyoviweka kwenye miguu ya sungura: mfupa ulikuwa umevikumbatia kabisa.

Nchini Tanzania pia historia hii ina ukurasa wake. Katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), iliyoanzishwa mwaka 1996, hutumika misumari ya SIGN, vyuma vya ndani ya mfupa ambavyo daktari huviweka bila mashine ya eksirei chumbani. Utafiti uliofanyika hapo na kuchapishwa mwaka 2020 uliwahusisha wagonjwa 240 waliovunjika muundi kwa kidonda wazi. Msumari ulilinganishwa na fremu ya nje. Baada ya mwaka mmoja, idadi ya waliofariki au kurudiwa upasuaji kwa matatizo makubwa haikutofautiana sana.

Chuma hushikilia tu. Kuunga ni kazi ya mfupa wenyewe. Pengo likibaki, madaktari bado hupendelea kuvuna mfupa wa nyonga ya mgonjwa mwenyewe, kwa kuwa una jukwaa, seli hai na protini za Urist kwa pamoja. Lakini penye usaha hata huo hauliwi na kujengwa upya, huoza. Kwa hiyo kidonda kikioshwa na mgonjwa akipewa antibiotiki mapema, palepale Mpanda, kabla ya safari ndefu ya kwenda hospitali kubwa, daktari atakayempokea atakuta mfupa hai wa kuanzia kazi.