Ngoma Gitega, Kitabu Muyinga: Kiangazi cha Kuelekezana

Mgeni akifika Gitega, Burundi, mwezi Julai akauliza aende wapi, atapewa jibu moja: Gishora. Atajibiwa hivyo na dereva wa teksi, na kijana anayeuza vocha za simu, na shangazi aliyemkaribisha nyumbani, ambaye pengine mwenyewe hajafika huko tangu alipokuwa shuleni.

Ndio msimu wenyewe. Mvua zimekatika, njia za udongo zinapitika, shule zimefungwa, harusi zinafuatana Jumamosi hadi Jumamosi, na jamaa walioko Ubelgiji na Kanada wamerudi na masanduku yao makubwa. Asubuhi baridi ya milimani inadai sweta; mchana vumbi jekundu linatua hadi kwenye kope. Watu wana nafasi, na mwenye nafasi huulizia kizuri cha kuona. Lakini jibu hilo la “nenda kaone ngoma” ni jipya kuliko wengi wanavyodhani.

Gishora ni kilima kilicho kilomita kama 7 kaskazini mwa mji. Simulizi za wenyeji zinasema makao yake yalijengwa na Mwami (yaani mfalme) Mwezi Gisabo, aliyetawala nusu ya pili ya karne ya 19 hadi kifo chake mwaka 1908, baada ya kumshinda mtemi mwasi aliyeitwa Ntibirangwa. Ngoma mbili zenye majina, Ruciteme na Murimirwa, zikatunzwa hapo, na kazi ya kuzitunza ikarithiwa katika ukoo, baba kwa mwana. Zama hizo hakuna aliyepanda kilima kile kutafuta burudani. Ngoma zililia mwami alipotawazwa, zikalia alipozikwa, na zikalia katika Umuganuro, sherehe ya Desemba ambapo mwami alibariki mtama kabla ya nchi nzima kuanza kupanda. Ngoma kuu kuliko zote, Karyenda, haikuonekana ovyo. Raia alizisikia ngoma kutoka kilima cha pili, akajua mambo ya ikulu yanaendaje, akaendelea na jembe lake.

Kisha wakaja Wajerumani. Mwaka 1903, baada ya vita na hila za watemi wapinzani, Mwezi Gisabo alilazimika kukubali mkataba wa Kiganda na kuitambua mamlaka ya Ujerumani. Mwaka 1912 Wajerumani walihamishia makao yao ya utawala Gitega, na Wabelgiji walioingia mwaka 1916 wakaendelea kuuona mji huo kuwa ndio ufunguo wa kuishika nchi ya kifalme. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1920 Umuganuro wa kifalme ulikoma. Wamisionari waliuona upagani, na wakoloni hawakuhitaji sherehe inayomkumbusha mkulima kwamba mbegu yake inabarikiwa na mwami, si na afisa.

Uhuru ulipofika mwaka 1962 ngoma ilipewa heshima ambayo ngoma chache duniani zimepata: ilichorwa katikati ya bendera ya taifa, pamoja na mmea wa mtama. Haikudumu. Novemba 1966 Waziri Mkuu Michel Micombero aliuondoa ufalme na kutangaza jamhuri, na ngoma ikafutwa kwenye bendera. Mwaka uliofuata mtama nao ukaondoka, zikaja nyota tatu tunazoziona leo. Wapigaji wa Gishora wakabaki na ngoma zisizo na mwami.

Hapo ndipo historia inapogeuka, tena kwa njia ambayo ikulu isingeipanga. Mwaka 1967 Mfaransa Michel Vuylsteke alipita Burundi na mashine ya kurekodi. Sahani ya santuri iliyotokana na safari hiyo ilitolewa na Ocora, nembo ya redio ya Ufaransa, ikiwa na ngoma, na pia sauti ya mzee anayenong'ona juu ya nyuzi za inanga. (Mwenye haraka asikilize inanga kwanza. Ngoma atazisikia atake asitake.) Sahani ilipita mkono kwa mkono barani Ulaya. Mwaka 1971 mwanamuziki mmoja wa huko alizipachikia ngoma hizo piano na gitaa, akazitoa kwa jina la “Burundi Black”, na mtindo wake ukaja kuigwa na vijana wa Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 1975 Joni Mitchell wa Kanada aliziweka chini ya wimbo wake “The Jungle Line”. Walioziandaa santuri hizo walipata majina. Aliyezipiga hakuna aliyemtaja.

Baadaye wapigaji wenyewe walisafiri. Julai 1982, mwanamuziki Peter Gabriel na wenzake walipoanzisha tamasha la WOMAD huko Shepton Mallet, Uingereza, kundi la Burundi lilikuwa jukwaani. Tamasha lilipata hasara kubwa hivi kwamba Gabriel ilibidi arudi kupiga na bendi yake ya zamani, Genesis, ili madeni yalipwe. Lakini waliowaona Warundi wakiingia na ngoma kichwani, wakizipiga huku wakitembea, walikwenda kuwasimulia wengine. Miaka kumi baadaye, mwaka 1992, ikatoka albamu yao kutoka studio za Real World.

Wapo wanaosikitika kwamba kitu cha ikulu kimekuwa cha watalii. Mimi sioni hivyo. Ngoma iliyopoteza mwami mwaka 1966 ingeweza kabisa kuishia kabatini. Kilichoiokoa ni watu kuambiana: nenda kasikilize.

Na ukienda, tazama kabla hujasikiliza. Kila ngoma imechongwa kutoka gogo moja, mara nyingi la mti uitwao umuvugangoma, ikawambwa ngozi ya ng'ombe kwa vigingi vya mti vilivyopigiliwa kuzunguka mdomo wake. Wapigaji wanajipanga nusu duara. Ngoma ya katikati, inkiranya, ndiyo inayoongoza. Amashako zinashika mdundo usiokatika. Ibishikiso zinaifuata inkiranya inapogeuka. Mmoja mmoja hutoka mstarini, akaruka magoti yakifika kifuani, akazungusha fimbo shingoni, akachukua zamu yake katikati. Kijana akimaliza zamu, kifua chake kinapanda na kushuka, lakini mdundo wa amashako haujasubiri hata pumzi moja.

Novemba 2014 UNESCO iliiingiza ngoma ya kifalme ya Burundi katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Oktoba 2017 Rais Pierre Nkurunziza alitia saini amri iliyotaka wizara ya utamaduni itoe kibali kwanza, ikaweka malipo ya faranga 500,000 kwa sherehe zisizo za serikali, na ikawakataza wanawake kupiga. Kwa desturi ngoma ilikuwa ya wanaume, hilo halina ubishi. Lakini tayari kulikuwa na wasichana wakiipiga, na kulikuwa na harusi za Agosti ambazo hazikukamilika bila ngoma. Amri ya namna hiyo inailinda ngoma dhidi ya wanaoipenda. Bwana harusi mwenye mfuko mwepesi hukodi spika.

Mjini Gitega kwenyewe watakuelekeza pia Makumbusho ya Taifa, yaliyoanzishwa na Wabelgiji mwaka 1955. Ni ukumbi mmoja tu: vikapu, vyungu, mikuki, picha za wafalme. Nusu saa inatosha, na ni kivuli kizuri saa saba mchana. Tangu Gitega ilipofanywa mji mkuu wa kisiasa mwaka 2019, mtu angetarajia pawe pamepanuka kuliko hapo.

Sasa panda gari la kuelekea kaskazini-mashariki, upitie Karuzi, hadi Muyinga. Huku mpaka wa Tanzania uko karibu, malori ya mpakani Kobero yanapita, na Kiswahili ni cha sokoni na msikitini zaidi ya kile cha darasani. Katika ramani mpya ya mikoa mitano iliyoanza kutumika mwaka 2025, Muyinga imeacha kuwa mkoa, ikaingia Buhumuza pamoja na Cankuzo na Ruyigi. Muyinga haina ngoma za mwami. Pendekezo lake ni la juzijuzi, na nathubutu kusema linashinda mengi ya Gitega: maktaba.

Ilijengwa mwaka 2012 ikiwa sehemu ya kwanza ya shule iliyokusudiwa watoto viziwi, kwa ubia wa shirika la Kirundi la Odedim na wasanifu vijana wa Ubelgiji, BC Architects. Wasanifu hao walikaa miezi miwili wakizunguka mikoani kutazama Warundi wanavyojenga kabla ya kuchora chochote. Walikuta mashine mbili za mkono za kushindilia matofali, nzima, zimelala chini ya vumbi la miaka 15. Zikasafishwa, zikarudi kazini. Watu wanne waliweza kutoa hadi matofali 1,100 kwa siku, ya udongo ulioshindiliwa bila kuchomwa, hivyo hakuna msitu ulioteketea tanurini kwa ajili ya kuta zile. Paa likabebwa na miti ya mikaratusi na kuezekwa vigae vya hapohapo.

Upande mmoja kuna baraza ndefu, kama ile ya nyumba nyingi za Burundi, maana walikuwa wameona kwamba maisha ya Mrundi hayako chumbani, yako barazani: kupumzika, kuongea, kumsubiri mtu, kukwepa jua. Milango kati ya nguzo ikifunguliwa yote, chumba cha kusomea kinakuwa kitu kimoja na uwanja wa nje, na vilima vinaonekana hadi mbali. Kwa wadogo kuna kona ya kukaa ya mbao, na juu yake wavu mkubwa wa kamba za mkonge, zilizosokotwa kwa mikono, umetandazwa hewani kama machela ya watu wengi. Mtoto anapanda na kitabu chake, analala chali, anasoma.

Siku ya kwenda ipangwe vizuri, kwa sababu ratiba za likizo si za kuaminika. Upande wa barabarani kuna luva za mbao ambazo wasanifu waliziweka makusudi ili mpita njia ajue: zikiwa wazi, maktaba iko wazi. Na kama begi lina nafasi, tia vitabu viwili vya hadithi vya Kiswahili. Tangu mwaka 2007 lugha hii inafundishwa katika shule za msingi za Burundi, na ni rahisi zaidi kukuta mwalimu wake kuliko kukuta kitabu chake.